Kuku aliyepita pembeni mwa picha

Mazungumzo kutoka London

Ukiniuliza habari za huku nitaanza na hali ya hewa, kwa sababu ndivyo wenyeji wanavyofanya, na wahenga walikwisha kutuusia kwamba ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Basi ni manyunyu tangu asubuhi: mvua isiyokulowesha wala kukuacha mkavu, ambayo wenyeji huitaja kila siku kana kwamba ndiyo kwanza waione.

Jumamosi iliyopita sikuwa na shughuli. Nikateremka kituo cha Victoria, nikashika njia kwa miguu kuelekea mitaa ya Pimlico, yenye nyumba ndefu nyeupe zilizobanana kama abiria wa daladala. Katika mtaa wa Cambridge nikasimama mbele ya nyumba namba 95. Ukutani pana kibao cha duara, cha rangi ya samawati. London imejaa vibao vya namna hiyo, na desturi yake ilianza mwaka 1866. Masharti yake ni magumu kidogo: mtu hapewi kibao mpaka awe amekwisha kufariki dunia kwa muda wa miaka 20. Waingereza hawataki kumsifu mtu kwa pupa.

Kibao cha nyumba namba 95 kiliwekwa mwaka 2005. Kinaeleza kwamba Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya, aliishi hapo kuanzia mwaka 1933 hadi 1937.

Ambalo kibao hakilielezi ni kwamba katika miaka hiyohiyo mpangaji huyo aliwahi kucheza sinema.

Chifu asiye na jina

Ni kweli, msikilizaji. Mwaka 1935 ilitoka filamu iitwayo Sanders of the River, iliyotengenezwa na ndugu wawili wenye asili ya Hungaria, Alexander na Zoltan Korda. Hadithi yake ni ya ofisa wa kikoloni huko Nigeria, bwana Sanders, anayewatuliza wenyeji kwa ukali na upole, kama baba mwenye watoto watundu. Zoltan Korda alikwenda Afrika kupiga picha za mito, ngoma na wanyama. Kijiji chenyewe, hata hivyo, kilijengwa Shepperton, nje kidogo ya London, kando ya mto Thames. Vibanda vya makuti vikasimamishwa kwenye ardhi ya Kiingereza, wakakusanywa Waafrika na watu weusi wengine waliokuwako Uingereza wakati huo, wakavishwa ngozi, wakapewa mikuki, wakaambiwa waishi.

Mchezaji mkuu mweusi alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mwenye sauti nzito ya kuimba, mwanasheria kwa elimu na mpigania haki kwa hulka. Robeson alikuwa akiishi London, na mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo kinachojulikana leo kwa jina la SOAS ili asome lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Aliikubali filamu ile akiamini kwamba itauonyesha ulimwengu heshima ya utamaduni wa Kiafrika. Filamu ilipokamilika, ikawa ni sifa kwa maofisa wachache weupe wanaozishika mamilioni ya roho mikononi mwao. Robeson aliijutia hadharani kwa miaka mingi.

Na Kenyatta? Kenyatta anaonekana miongoni mwa machifu. Jina lake halimo katika orodha ya wachezaji. Ni mmoja wa wale ambao kazi yao ni kusimama nyuma ili mbele pasionekane patupu.

Tumweke katika hali yake ya wakati ule. Alikwisha kufika London mara ya kwanza mwaka 1929 kuwasilisha malalamiko ya Wakikuyu kuhusu ardhi, akarudi mwaka 1931, na hakuiona tena Kenya mpaka mwaka 1946. Alikuwa akiwasaidia wataalamu wa matamshi katika Chuo Kikuu cha University College kuzinasa sauti za Kikikuyu, kisha akasoma elimu ya jamii za watu chini ya Profesa Bronislaw Malinowski katika chuo cha LSE. Waandishi wa maisha yake wanakubaliana kwamba fedha zilimpiga chenga. Kodi ya chumba haingoji uhuru upatikane. Kampuni ya filamu ilikuwa ikilipa, akaenda.

Kila nikiitazama sehemu ile ya filamu, bwana Sanders simwoni kabisa. Macho yangu yanakwenda nyuma, kwa wale machifu. Nashindwa kusikia mazungumzo, nashindwa kufuata kisa. Natafuta sura moja tu.

Kisa cha kuku

Hapo ndipo ninapokumbuka kisa cha kuku. Msomi mmoja wa Chuo Kikuu cha London, John Wilson, alikisimulia miaka ya mwanzo ya sitini, na Marshall McLuhan wa Kanada akakieneza katika kitabu chake cha mwaka 1962.

Ofisa mmoja wa afya alitengeneza filamu fupi ya kuwafundisha wanakijiji Waafrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Aliitengeneza polepole sana, hatua kwa hatua: mtu anaokota kopo tupu, anamwaga maji, anaweka kopo mahali pake. Ikaonyeshwa. Watazamaji wakaulizwa, "Mmeona nini?" Wakajibu, "Tumemwona kuku."

Wakubwa wakatazamana. Kuku? Hakuna kuku katika filamu hii! Ikabidi waikague picha moja baada ya nyingine, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku alikuwa amepita pembeni chini ya picha. Watengenezaji hawakuwa wamemwona. Watazamaji hawakuwa wameona jambo jingine.

Kisa hiki kilitumiwa kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kutazama sinema. Na wakoloni hawakuishia kwenye visa, waliweka kanuni. Filamu za Waafrika, walisema baadhi ya wakuu wa idara za filamu za kikoloni, ziende taratibu, zisirukeruke kutoka picha moja hadi nyingine, zisitumie ujanja wa kamera, kwa sababu akili zao hazitafuata.

Mimi nimekigeuza kisa hiki kichwani mwangu kwa miaka mingi, na nimefikia uamuzi kwamba aliyefeli mtihani ni mtahini. Mkulima akiona kuku anajua ni mali ya mtu. Anajiuliza: ni wa nani? Anakwenda wapi? Kesho atakuwapo? Yule anayeokota kopo hana mke, hana jirani, hana deni. Hakuna mtu wa namna hiyo kijijini. Katika picha nzima, kiumbe pekee aliyekuwa akiishi maisha yake mwenyewe, bila kupangiwa na serikali, alikuwa kuku.

Babu na lori la sinema

Hata katika ukoo wetu kisa cha namna hii kipo. Mwaka uleule wa 1935, wakati Kenyatta anavishwa uchifu Shepperton, kule Vugiri katika milima ya Usambara, si mbali na Korogwe, Waingereza wengine walianzisha mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Fedha zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Mradi uliendelea hadi mwaka 1937. Wachezaji walikuwa wenyeji, picha hazikuwa na sauti, na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yalirekodiwa kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha. Lori likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na hata kusini zaidi, likitundika kitambaa cheupe jioni na kuwasha mashine.

Moja kati ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wawili wanapata mshahara. Mmoja anaufukia ardhini, mwizi anauchimba. Wa pili anaupeleka posta, na mwisho wa picha ni yeye anayecheka.

Babu yangu alikuwa kijana wakati huo, na mpaka uzeeni hakuacha kutusimulia juu ya usiku ule wa sinema. Tulimwuliza, "Babu, ilikuwa inahusu nini?" Akajibu kwamba ilikuwa inahusu mtu mmoja ambaye watu wa kwao walimfahamu, aliyekuwa na deni la mbuzi. Mtu huyo alikuwa amesimama nyuma ya watu wanaopanga foleni ya posta. Alipotokea kwenye kitambaa, uwanja mzima ukapiga kelele: "Lipa deni! Lipa deni!" Mzungu wa mashine, akidhani wamefurahishwa na faida za kuweka akiba, akainua kofia yake kuwashukuru.

Sina njia ya kuthibitisha kisa cha Babu, na Babu alikuwa fundi wa kukoleza chumvi. Lakini ninajua jambo moja: aliyesimama nyuma hakuwa nyuma kwa watu waliomjua.

Nina njaa

Sasa, msikilizaji, sina budi kuungama. Na mimi nimecheza sinema.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2003. Wakati ule nilikuwa nasafisha ofisi kuanzia saa kumi za alfajiri hadi saa mbili asubuhi, na mchana nikihudhuria masomo huku macho yakifumba yenyewe. Nyumbani Tanga nilikuwa nimewaambia kwamba ninafanya kazi ofisini. Haukuwa uongo. Nilikuwa nikiziona ofisi nyingi kwa siku kuliko wakurugenzi wake.

Rafiki yangu mmoja Mkongomani akaniambia kuna watu wanatafuta Waafrika wa kusimama nyuma. Malipo yalikuwa mazuri kuliko ya fagio, na chakula juu. Tukafika kwenye ghala kubwa kusini ya mto Thames. Ndani palikuwa na Afrika: udongo mwekundu umemwagwa sakafuni, migomba ya plastiki, na mashine ya kupuliza joto ambayo ilikuwa imeharibika. Nikavishwa shati lililochanika, nikapewa bunduki ya mbao, nikawa mwasi. Kisa kilihusu daktari wa Kizungu anayetekwa nyara katika nchi isiyotajwa jina.

Mwongozaji, mtu mpole tu, akatujia akasema: mkimwona daktari, pigeni kelele kwa lugha yenu. Semeni lolote. Muhimu ni hasira.

Rafiki yangu akamtukana kwa Kilingala mwenye nyumba wake. Ndugu mmoja kutoka Nigeria akataja majina ya timu nzima ya mpira, kuanzia golikipa. Mimi, niliyekuwa sijatia kitu kinywani tangu usiku wa jana kwa kuwa tuliahidiwa chakula na chakula hakikuja, nikamsogelea daktari na kumpigia ukelele usoni: "Nina njaa! Nina njaa tangu alfajiri! Chakula kinakuja saa ngapi?"

Wakasema nimefanya vizuri mno.

Nilipoitazama filamu ilipotoka, nikakuta chini ya sura yangu wameweka maandishi ya tafsiri kwa Kiingereza. Kwa mujibu wa maandishi hayo, nilikuwa nimeapa kwamba hatutarudi nyuma mpaka tone la mwisho la damu. Nikacheka peke yangu katika ukumbi wa watu mia mbili. Jamaa mmoja akanigeukia kwa jicho kali, na kwa Mwingereza jicho hilo ni sawa na kupigwa kofi.

Miaka miwili baadaye santuri ya filamu ile ikafika Tanga. Wewe uliyekulia kwetu unavijua vibanda vya video: mabenchi, joto, televisheni moja, na mtafsiri mwenye kipaza sauti. Fani hiyo ilikuwa na mabingwa wake, kama Lufufu wa Dar es Salaam, na Kenya wakawa na DJ Afro. Mtafsiri wa namna hii hatafsiri tu. Anaitwaa filamu na kuifanya ya kwake. Muigizaji wa Hollywood anabatizwa jina la Kizaramo, jambazi anakemewa, mapenzi yanatolewa maonyo, na askari wa Marekani anakumbushwa kwamba mama yake anamsubiri nyumbani.

Basi siku hiyo mtafsiri alikuwa akienda vizuri mpaka nilipotokea mimi. Akafungua kinywa atafsiri, akakifunga. Hakukuwa na la kutafsiri. Kibanda kizima kilikuwa kimesikia. Vijana wakapiga kelele: "Rudisha nyuma!" Ikarudishwa mara nne. Mpwa wangu akatoka mbio kumwita mama.

Mama alikuja na buibui lake, akapewa nafasi benchi la mbele. Wakamwekea kipande kile. Kila mtu alicheka tena. Nimeambiwa kwamba yeye hakucheka.

Jumapili ile nilimpigia simu kama kawaida, kwa ile kadi ya pauni tano iliyokuwa inaisha kabla hujamaliza salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mbona ulisema una njaa?"

Nikanyamaza. Kisha nikasema, "Mama, ile ni sinema."

"Sinema naijua, mwanangu. Yule Mzungu alikuwa akisema maneno ya sinema. Wewe ulikuwa unasema kweli. Na shati lile halikuwa lako, lakini shingo ilikuwa yako. Umekonda."

Sikuwa na pa kujificha. Nilimweleza habari za fagio, habari za chumba tulichokuwa tukilala kwa zamu, na kwamba fedha nilizokuwa nikituma kila mwezi zilikuwa zaidi ya nusu ya nilichopata. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikataza kutuma chochote kwa miezi mitatu, akaongeza kwamba hiyo ni amri. Mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani, mara ya kwanza baada ya miaka saba. Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa ameihifadhi santuri ile kabatini pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Jina la filamu sitalitaja. Haina kosa lolote isipokuwa kwamba haikumwona kuku.

Mbele na nyuma

Usidhani ninazibeza filamu zote zinazotuhusu. Mwaka 2005 tamasha la filamu la London lilifunguliwa kwa The Constant Gardener, iliyopigwa picha Kenya, ikiwemo Kibera. Mwaka 2006 tamasha hilohilo likafunguliwa kwa The Last King of Scotland, iliyopigwa picha Uganda, na Forest Whitaker, aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya kumwigiza Idi Amin, akapata tuzo ya Oscar mwezi Februari 2007. Zote mbili ni kazi za mafundi. Lakini angalia nani amesimama wapi. Ile ya kwanza inamfuata mwanadiplomasia Mwingereza. Ile ya pili inamfuata daktari kijana wa Kiskoti, ambaye hakuwahi kuwapo duniani; ni mtu wa kubuni kutoka katika riwaya. Waganda waliouawa na utawala ule ndio waliokuwapo kweli, nao wanapita pembeni mwa picha.

Mambo yanabadilika, tena kwa kasi. Mwaka 2021 filamu ya Kiswahili ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Zanzibar ya miaka ya hamsini ndiyo iliyo mbele, na Waingereza ndio wanaopita nyuma. Nilipoitazama nilijikuta nikiwaonea huruma wale wachezaji weupe waliosimama pembeni. Nikataka kuwauliza kama wamekula.

Pipa la taka jukwaani

Tabia hii ya kutazama nyuma imeniharibu hata katika siasa. Siku za Jumatano adhuhuri, Bunge likiwa na kikao, Waziri Mkuu wa Uingereza huulizwa maswali kwa nusu saa. Kamera za televisheni ziliruhusiwa kuingia humo mwaka 1989. Watu huwatazama wale wawili wanaorushiana maneno. Mimi nawatazama waliokaa nyuma ya Waziri Mkuu. Ukumbi una wabunge 650 na nafasi za kukaa 427 tu, kwa hiyo wanabanana, na mtu aliyebanwa hawezi kuificha sura yake kwa muda mrefu. Yupi anatikisa kichwa kukubali? Yupi anatazama simu? Mwaka 2022, wakati wa serikali ya Bi Liz Truss, sura za wale wa nyuma zilikuwa za watu waliokwisha kuaga. Gazeti moja liliweka kichwa cha letusi mbele ya kamera ili kuona kipi kitaoza kwanza, majani au uwaziri mkuu. Letusi ilishinda. Bi Truss alikaa madarakani siku 49.

Paka wa ofisi ile, Larry, aliyeajiriwa mwaka 2011 kukamata panya, alikwisha kuona mawaziri wakuu sita kufikia mwaka 2024. Huyo ni kuku wa namna yake.

Lakini picha ninayoipenda kuliko zote hutokea usiku wa uchaguzi. Matokeo ya jimbo yanapotangazwa, wagombea wote hupanda jukwaa moja, mkubwa na mdogo. Na yeyote mwenye dhamana ya pauni 500 na saini za wapiga kura wachache anaweza kugombea. Mwaka 2017 Bi Theresa May alisimama kusikiliza matokeo jimboni kwake Maidenhead pamoja na mtu aliyejiita Lord Buckethead, aliyevaa ndoo nyeusi ndefu kichwani. Mwaka 2019 Boris Johnson, na mwaka 2024 Rishi Sunak, walisimama jukwaa moja na mwingine aitwaye Count Binface, mwenye pipa la taka mahali pa kichwa. Mawaziri wakuu wa nchi yenye silaha za nyuklia wanatazama mbele kwa makini, na bega kwa bega nao kuna pipa la taka, limesimama wima, nalo likisubiri kusikia limepata kura ngapi.

Ninajaribu kuwaza kwetu. Mheshimiwa yuko jukwaani, mara mtu anapanda na ndoo kichwani na kusimama karibu naye. Sijui ndoo ingeishia wapi, na mwenyewe ndoo angeishia wapi. Uingereza ina aibu zake nyingi, na baadhi nimezitaja. Lakini taifa linalokubali pipa la taka lisimame katika picha moja na mkuu wa serikali, wala lisiliondoe kwa nguvu, limejifunza jambo fulani kuhusu ukubwa. Sisi tunaondoa kuku kabla ya kamera kuwashwa. Tunapaka rangi ukuta ambao mgeni atapita mbele yake, tunawafukuza wachuuzi barabarani kwa siku moja, halafu tunashangaa picha ikitoka haina uhai.

Mtu wa namba 95

Nirudi Pimlico, maana mvua imenikuta nimesimama palepale.

Mwaka 1938, miaka mitatu baada ya filamu ile, Kenyatta alichapisha hapa London kitabu chake Facing Mount Kenya, na Malinowski akakiandikia utangulizi. Ndicho kitabu cha kwanza kubeba jina la Jomo. Kabla ya hapo aliitwa Johnstone. Katika picha yake maarufu ya kitabu hicho amevaa vazi la ngozi na kushika mkuki, akiijaribu ncha yake kwa kidole. Wapo waliomcheka, kwa kuwa mtaani alitembea na suti. Mimi naiona picha hiyo kwa namna nyingine. Alikwisha kuvishwa ngozi na watu wengine, akasimamishwa nyuma, bila jina na bila neno. Safari hii vazi alilivaa mwenyewe, akasimama mbele, na maneno yote yaliyofuata, kurasa kwa kurasa, yalikuwa yake.

Baadaye yakaja aliyoyaleta ulimwengu: kukamatwa Oktoba 1952, kesi ya Kapenguria, kifungo, kuachiliwa mwaka 1961, uhuru mwaka 1963, na urais mwaka 1964. Hapo akawa mtu wa mbele kabisa, na wengine wakasimama nyuma yake, miongoni mwao wakiwamo waliodai kwamba ardhi waliyoipigania hawakuipata. Nao walikuwa na njaa, na tafsiri iliyoandikwa chini ya sura zao ilisema neno jingine. Madaraka humpa mtu kiti cha mbele na kumwondolea shingo ya kugeuka.

Niliposimama pale, kijana mmoja mweusi alifika kwa baiskeli na mfuko mkubwa wa chakula mgongoni, akabonyeza kengele ya nyumba ya jirani, akakabidhi chakula, akarudi mbio kwenye baiskeli yake. Watalii wawili walikuwa wakipiga picha kile kibao cha samawati. Nina hakika kijana huyo yumo katika picha yao, pembeni chini, kwa muda wa sekunde moja. Nina hakika pia kwamba hawajamwona.

Nilitamani kumwuliza kama amekula. Lakini hapa mtu haulizwi swali hilo na mtu asiyemjua, na taa za barabarani zilikuwa zimekwisha kumruhusu.

Mpenzi msikilizaji, usiku wa leo ukitazama sinema, au taarifa ya habari, au hotuba ya mkubwa yeyote, nakuomba kitu kimoja tu: usimwache kuku apite bure. Mtazame. Huenda ana jina, huenda ana deni la mbuzi, huenda siku moja atakuwa rais. Na huenda mama yake yuko mahali fulani, kwenye benchi la mbele, anamtazama yeye peke yake.

Mimi nakuaga kutoka London. Manyunyu yameanza tena.